Je, Wajua? Walimu wa Sauti na Lafudhi

Je, wajua kuna watu ambao riziki yao yote hutoka kwenye midomo ya wenzao? Ni walimu wa sauti, matamshi na lafudhi wanaowanoa waigizaji. Hawamkaririshi mtu maneno yake, hilo ni jukumu la mwigizaji mwenyewe. Wao hushika pumzi, koo, ulimi na sikio. Majina yao hupita mwishoni mwa filamu, wakati watazamaji wamekwisha kuwasha simu na wanatafuta mlango.

Je, wajua kazi hii ilianza kabla ya filamu, redio na hata kitabu cha kuchapwa? Warumi walikuwa na mkufunzi wa wasemaji na waimbaji waliyemwita phonascus. Suetonius ameandika kwamba Mfalme Nero, aliyejiona msanii kuliko mtawala, alikuwa akilala chali na bamba la madini ya risasi juu ya kifua ili kuimarisha sauti. Plutarch naye anasimulia habari za mwanasiasa Gaius Gracchus. Alipohutubia, mtumwa wake alisimama nyuma na filimbi. Gracchus akipandwa na hasira na sauti ikaanza kupaa, filimbi ililia kumrudisha chini. Kuna mabunge mawili matatu katika ukanda huu yanayostahili kuagiziwa filimbi hizo kwa katoni.

Na Demosthenes wa Athens? Kokoto mdomoni, hotuba ufukweni akishindana na mawimbi. Hiyo unaijua. Lakini warithi wa kokoto wapo hadi leo: wapo walimu wanaomwambia mwanafunzi aume kizibo cha chupa kwa meno ya mbele, asome ukurasa mzima, kisha akitoe na kusoma tena. Ulimi uliolazimishwa kufanya kazi maradufu hujikuta mwepesi. Walimu wengine hawataki hata kukisikia kizibo hicho. Wanasema kinakakamaza taya, na taya iliyokakamaa huibana sauti.

Je, wajua nyuzi zako za sauti ni fupi kuliko kidole chako cha mwisho? Za mwanamume mzima zina urefu wa milimita 17 hadi 25, za mwanamke milimita 12.5 hadi 17.5. Mwanamke akizungumza kwa kawaida, nyuzi hizo hugongana kiasi cha mara 200 kwa sekunde. Za mwanamume ni zaidi kidogo ya mara 100. Piga hesabu: kwa mwanamke huyo, saa moja ya sauti isiyokatika ni mara 720,000. Kondakta wa daladala anayeita abiria toka alfajiri hadi usiku hajawahi kuifanya hesabu hiyo, ila koo lake linaijua.

Je, wajua maji unayokunywa hayazigusi kabisa nyuzi za sauti? Hupita kwenye umio. Yangezigusa ungepaliwa. Unyevu huzifikia polepole kupitia mwilini, ndiyo maana mwigizaji hunywa maji saa kadhaa kabla ya onyesho, si dakika ya mwisho akiwa nyuma ya pazia. Kinachozifikia moja kwa moja ni mvuke. Chai ya tangawizi na asali hutuliza koo tu, lakini nani atakuzuia.

Mwalimu akisema "pumua kwa tumbo", hewa haiingii tumboni hata chembe. Anachotaka ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kishuke na kusukuma matumbo ili mapafu yapate nafasi. Masomo mengi ya kwanza ya sauti hufanyika mwanafunzi akiwa amelala sakafuni kwa sababu hiyo: ukiwa chali ni taabu kuinua mabega kila unapovuta pumzi. Mgeni akichungulia darasani atadhani wote wamechoka.

Je, wajua mmoja wa wanawake walioigeuza kazi hii kuwa fani ya chuo alianzia ndani ya ukumbi wa muziki? Elsie Fogerty alianzisha Central School of Speech and Drama mwaka 1906 katika Royal Albert Hall, London. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Laurence Olivier na Peggy Ashcroft. Miaka mingi baadaye, akijiandaa kuigiza Othello mwaka 1964, Olivier alirudi kwenye mazoezi ya sauti akiwa tayari ni bingwa wa jukwaa, ili aishushe sauti yake chini kabisa kuliko ilivyozoeleka.

Central hiyo hiyo ndiyo iliyomlea Cicely Berry, ambaye kama kuna jina moja la kukumbuka katika safu hii, basi ni lake. Aliajiriwa na Royal Shakespeare Company mwaka 1969, wakati ambapo kampuni za maigizo hazikuwa na desturi ya kuweka mwalimu wa sauti wa kudumu, na kitabu chake Voice and the Actor kikatoka mwaka 1973. Mazoezi yake hayakuwa ya kusimama wima na kutamka vokali. Aliwataka waigizaji waseme beti za Shakespeare huku wakisukumana, wakikimbia, wakihamisha viti, mpaka maneno yaache kutoka kichwani na yaanze kutoka mwilini. Alifundisha magerezani Uingereza. Alikwenda Brazil kufanya kazi na kikundi cha Nós do Morro katika mtaa wa mabanda wa Vidigal, Rio de Janeiro. Alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 92.

Mwenzake Kristin Linklater alizaliwa mwaka 1936, akakulia katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, akahamia Marekani mwaka 1963 na kuandika Freeing the Natural Voice mwaka 1976. Msimamo wake: sauti nzuri tunazaliwa nayo, halafu tunaifunika kwa woga, adabu na mazoea. Mtoto mchanga hulia usiku kucha asubuhi asiamke na koo la kukwaruza. Wa tatu, Patsy Rodenburg, alikiita kitabu chake cha 1992 The Right to Speak, akaligeuza suala la sauti kuwa suala la haki: nani ameambiwa tangu utotoni kwamba akisema asikike, na nani ameambiwa anyamaze?

Hapo ndipo penye utata wa kazi yenyewe. Je, wajua kwamba kwa miaka mingi waigizaji wa Marekani walifundishwa lafudhi ambayo hakuna mtoto yeyote aliyezaliwa akaisikia kwa mama yake? Edith Skinner aliiandikia kitabu mwaka 1942, Speak with Distinction, na kuifundisha katika vyuo vikubwa, Juilliard kikiwemo. Haikuwa ya Uingereza wala ya Marekani. Ilielea katikati ya bahari. Dudley Knight, mwalimu wa kizazi kilichofuata, aliikosoa hadharani kwamba inapanga watu katika ngazi za ubora kwa namna wanavyotamka. Nakubaliana naye. Mwalimu anayefuta lafudhi ya mwanafunzi amempokonya kitu. Anayemwongezea ya pili na ya tatu amempa kazi zaidi.

Je, wajua tamthilia maarufu kuliko zote kuhusu mwalimu wa matamshi ilionyeshwa mara ya kwanza kwa Kijerumani? Pygmalion ya George Bernard Shaw ilianzia Vienna mwaka 1913, ikafika London mwaka 1914. Profesa Higgins wake alichukua mambo kadhaa kutoka kwa Henry Sweet, mtaalamu halisi wa fonetiki aliyesifika kwa elimu na kuogopwa kwa ukali.

Ilipotengenezwa filamu ya My Fair Lady mwaka 1964 kutokana na kisa hicho, mitambo ya maabara ya Higgins ilisimamiwa na mwanafonetiki Peter Ladefoged. Mtu huyu huyu alifanya utafiti Uganda na kushiriki kuandika kitabu Language in Uganda, kisha miaka ya 1990 akawa mmoja wa watafiti waliochapisha uchambuzi wa sauti za Kihadza, lugha ya watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, yenye vidoko vinavyomtoa jasho mwanafunzi yeyote wa matamshi. Toka Hollywood mpaka Eyasi!

Shaw mwenyewe? Mwaka 1930 aliukalia uenyekiti wa kamati ya BBC iliyoamua watangazaji watamke vipi maneno ya Kiingereza. Mwaka huo huo, huku kwetu, ilianza kazi kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kwa msingi wa Kiunguja.

Je, wajua mtu aliyemsaidia Mfalme George VI wa Uingereza kukabiliana na kigugumizi hakuwa daktari? Lionel Logue, mzaliwa wa Adelaide, Australia, alikuwa mwalimu wa usemaji. Walianza kazi mwaka 1926, na Logue alikuwa kando yake Septemba 3, 1939, mfalme alipolihutubia taifa redioni kuhusu kuanza kwa vita. Filamu ya The King's Speech ya mwaka 2010 ndiyo iliyomrudisha Logue midomoni mwa watu.

Na ile sauti nzito ya Mufasa katika The Lion King? James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024, alikuwa na kigugumizi kikali utotoni, akaishi miaka karibu minane bila kusema zaidi ya maneno machache. Mwalimu wake wa sekondari aligundua kwamba kijana anaandika mashairi, akamtaka ayasome mbele ya darasa.

Sasa turudi nyumbani. Je, wajua Out of Africa ya mwaka 1985, filamu iliyotwaa Oscar saba, ina mgogoro wa lafudhi katikati yake? Meryl Streep alisikiliza kanda za Karen Blixen mwenyewe akisoma hadithi zake, akajenga Kiingereza chenye Kidenmarki ndani. Robert Redford aliigiza Denys Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo wa kilodi, lakini anasikika Mmarekani toka mwanzo mpaka mwisho. Si kwamba alishindwa kujaribu. Mwongozaji Sydney Pollack ndiye aliyeona lafudhi ya Kiingereza itawavuruga watazamaji waliomzoea Redford, na baadhi ya mistari ikabidi irekodiwe upya. Kwa hiyo wapenzi wawili wanakula chakula cha jioni chini ya vilima vya Ngong, mmoja ametoka Denmark kweli, mwingine ametoka California.

Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili aigize Idi Amin katika The Last King of Scotland ya 2006, na jukumu hilo likampa Oscar mwaka 2007. Hapa pana somo ambalo walimu wa lafudhi hulirudia kila siku: usiulize kabila la mhusika tu, uliza lugha aliipatia wapi. Amin alikuwa Mkakwa, lakini alikulia kijeshi ndani ya King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Kiswahili cha gwaride hakifanani na cha barazani.

Je, wajua kwa nini watu wa Wakanda husema Kixhosa? Kwa sababu ya mzee mmoja. John Kani wa Afrika Kusini alipoigiza mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War ya 2016, alitumia lugha yake mwenyewe, na nchi nzima ya kubuni ikamfuata. Filamu ya Black Panther ilipokuja mwaka 2018, mwalimu wa lafudhi Beth McGuire alikuwa na kazi ya kuwafanya Wamarekani, Waingereza, Mzimbabwe-Mmarekani na Mkenya wasikike kama watoto wa nchi moja. Kabila la milimani la M'Baku likapewa ladha ya Kiigbo cha Nigeria ili lisifanane na watu wa mjini. Chadwick Boseman alisimama kidete kwamba mfalme wa taifa ambalo halikuwahi kutawaliwa na wakoloni hana sababu ya kusema kama aliyesomea London.

Huyo Mkenya ni Lupita Nyong'o, na McGuire alikuwa amemfundisha Yale kabla ya hapo. Lupita amesimulia hadharani jinsi uamuzi wa kuiweka kando lafudhi yake ya Kenya ili apate kazi Marekani ulivyomliza. Mwaka 2016, katika Queen of Katwe, alisema kama mama wa Kampala, na David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, akasema kama mwalimu wa sataranji wa Katwe.

Moja ya haraka: rubani mwenza wa Lando katika filamu ya Return of the Jedi ya 1983, yule kiumbe mwenye mashavu makubwa, anasema Kikuyu. Sauti ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi kutoka Kenya.

Nyingine: Dick Van Dyke aliomba radhi mwaka 2017, akipokea heshima ya BAFTA, kwa lafudhi ya London aliyoitia kasoro katika Mary Poppins ya 1964. Miaka 53.

Je, wajua mwalimu wa lafudhi hufanyaje kazi yake hasa? Kwanza hutafuta mtu wa kweli: umri ule ule, kazi ile ile, kijiji kile kile, amrekodi akizungumza habari zake mwenyewe. Kumwiga mwigizaji aliyemwiga mwingine ni kurithi makosa. Kisha huuliza ulimi wa watu hao hukaa wapi wakiwa wamenyamaza, taya lao limelegea au limebana, midomo huja mbele au hubaki nyuma. Ukiupata mkao huo wa kinywa, sauti nyingi hujiweka sawa zenyewe. Baada ya hapo ndipo huja orodha ya konsonanti na vokali, mara nyingi kwa alama za kifonetiki za kimataifa, zilizotokana na chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1886. Mwisho ni kiimbo, na hapo ndipo wengi hukwama. Unaweza kutamka kila neno sawasawa na bado ukasikika mgeni, kwa kuwa wimbo si wenyewe. Siku ya kupiga picha, mwalimu huketi karibu na mwongozaji, vipokea sauti masikioni, akiandika kila neno lililoteleza.

Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, kimekusanya rekodi za watu kutoka kila pembe ya dunia wakisoma kifungu kimoja cha Kiingereza chenye maneno 69, kilichoteuliwa kwa kuwa kimebeba karibu sauti zote za lugha hiyo. Waswahili wamo. Kiingereza cha Uingereza kina vokali zipatazo 20 ukihesabu na zile pacha. Kiswahili kina tano. Kwa hiyo mwigizaji wa Dodoma anayejifunza Kiingereza cha London anagawanya "a" yake moja mara tatu au nne, na wa London anayejifunza Kiswahili anahangaika kuzuia vokali zake zisiteleze, na kuitamka Mbeya bila kuitanguliza "e".

Lakini mbona tunazungumzia Kiingereza tu? Chukua Mombasa. Mzee wa Kimvita akiona ndaa ndipo hula, akifurahi huteka, akikuita husema ndoo, naye hataki maji. "Paa" ya nyumba na "paa" wa porini hazitamkwi sawa kinywani mwake: ya pili ina pumzi inayotoka baada ya "p", na mtu wa bara haisikii hadi aoneshwe kwa kuweka kiganja mbele ya mdomo. Nenda Lamu, Pate, Tumbatu, Makunduchi, Pemba, kisha vuka hadi Bukavu na Lubumbashi: kila mahali pana mkao wake wa kinywa. Tamthilia zetu humpeleka mhusika Lamu kwa jahazi, kanzu na kofia ya vito, kisha akifungua mdomo tunamsikia kijana wa Kinondoni. Na lafudhi ikitumika, aghalabu ni ya kuchekesha: mlinzi wa getini, dada wa kazi, mgeni kutoka kijijini.

Hata hivyo ni vichekesho vilivyotupa bingwa. Je, wajua Mzee Ojwang', kipenzi cha watazamaji wa Vitimbi na Vioja Mahakamani, hakuwa Mjaluo? Alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyeishika lafudhi ya Kijaluo ndani ya Kiswahili kwa zaidi ya miongo mitatu kwenye runinga ya taifa ya Kenya. Alipofariki Julai 2015, kuna waliokuwa hawajui. Sikiliza vipindi vya zamani uone: hakukamata matamshi pekee, alikamata mahali pa kupumua, mahali pa kushangaa, jinsi swali linavyoanguka mwishoni.

Je, wajua Shakespeare amewahi kusemwa kwa Kiswahili kwenye ukumbi wa Globe, London? Ilikuwa Aprili 2012, kikundi kutoka Nairobi kikileta Wanawake wa Heri wa Winsa, katika tamasha lililoalika lugha 37. Ukumbi huo huo, mwaka 2004, ulikuwa umejaribu kuigiza Romeo na Juliet kwa matamshi ya Kiingereza cha enzi ya Shakespeare, kwa msaada wa mwanaisimu David Crystal.

Andrew Jack, aliyewapa wakazi wa The Lord of the Rings lafudhi zao, alifariki kwa Uviko-19 mwaka 2020. Chama cha walimu wa fani hii chenye makao Marekani, VASTA, kipo tangu 1986.

Oscar nayo? Kuna ya mavazi, ya vipodozi na nywele, ya sauti kwa maana ya mitambo. Wateuzi wa waigizaji nao wameongezewa yao, kuanzia filamu za mwaka 2025. Ya walimu wa lafudhi haipo.